Maiki isiyosikiliza umbea: mwaka mmoja na Shure SM57

Kwa miaka tisa muziki wangu haukuwahi kuvuta pumzi. Sauti ilizaliwa ndani ya kompyuta, ikakulia humo humo, ikapita kwenye waya hadi kwenye spika. Maiki sikuwa nayo hata moja. Waimbaji walinitumia sauti zao zikiwa zimeshasafishwa, nami nikazikata, nikazinyoosha, nikazigeuza kinyumenyume, siku zikaenda. Kisha nikachoka kusimama mbele ya watu dakika arobaini nikibonyeza kitufe kimoja na kutikisa kichwa kama mjusi ukutani. Nikaunda bendi: gitaa kavu (lisilo la umeme), kahoni (sanduku la mbao la kugonga kwa mikono), dabo besi, tarumbeta, fidla, na mimi pembeni na kompyuta yangu na pedi.

Nilichosahau ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivyo chenye tundu la USB.

Kosa langu la kwanza lilitokana na kusoma sana. Nilinunua kondensa kubwa, zile maiki za kuimbia studio, kwa sababu kila niliyemsoma alisema ndiyo inayonasa gitaa kavu vizuri. Hawakudanganya. Ilinasa gitaa vizuri ajabu. Ilinasa pia kahoni, kiti cha mpiga besi kinacholia kila akihama mkao, feni ya darini, na spika zangu zikirudisha yote hayo kwa mara ya pili. Nikipandisha kidogo, mluzi. Nikishusha, gitaa linazama. Siku hiyo tarumbeta lilisikika kwa nguvu zaidi kwenye laini ya gitaa kuliko gitaa lenyewe.

Fundi mitambo wa pale tulipokuwa tunafanyia mazoezi alitutazama kwa muda, akaja, akaichomoa kondensa yangu na kuipachika maiki nyeusi nyembamba iliyochubuka rangi. "Kaka, hii haisikilizi umbea," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Ilikuwa SM57. Ya kwake nilimrudishia jioni ile ile kwa shingo upande, na wiki iliyofuata nikatafuta yangu. Sasa ninazo nne, na mwaka mmoja wa kuzitumia karibu kila wiki, kwa hiyo naandika nikiwa na makovu.

Umbea wenyewe una maelezo. Kondensa ina kiwambo, yaani utando unaotikiswa na sauti, chepesi mno, kiasi kwamba mtu akikohoa chumba cha pili inajua. SM57 ni ya aina ya dainamiki: kiwambo chake kimeunganishwa na koili ya waya, na koili hiyo inacheza katikati ya sumaku. Sauti ikikipiga kiwambo, koili inatikisika na umeme kidogo unazaliwa. Kuitikisa koili ni kazi, si kama kutikisa utando mtupu, kwa hiyo usikivu wake ni mdogo na unaisogeza karibu sana na chombo. Kilicho karibu kinapita, kilicho mbali kinabaki mlangoni. Na kwa kuwa umeme inajitengenezea yenyewe, haihitaji zile volti 48 za kupitia waya wa maiki ambazo kondensa haiwezi kuamka bila kulishwa.

Halafu kuna mgongo wake. Mbele inasikia, ubavuni inasikia kidogo, nyuma kabisa ni kiziwi. Ukiuchora usikivu wake kwenye karatasi unapata umbo la moyo. Sisi tulikuwa tumeweka spika za kujisikilizia ubavuni mwa wapigaji kwa sababu picha zilitoka nzuri. Tulipozihamisha zikakaa mbele ya mpigaji, nyuma kabisa ya maiki, niliweza kupandisha sauti mara mbili ya tulivyozoea kabla mluzi haujaanza. Sikununua kitu chochote. Nilisogeza spika mita moja na nusu tu.

Imekuwa sokoni tangu 1965. Watengenezaji wake, Shure, walianza Chicago mwaka 1925, na SM ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya maiki ya studio. Ndugu yake maarufu mwenye kichwa cha mviringo, SM58, alikuja mwaka mmoja baadaye. Na zile maiki mbili unazoziona kwenye mimbari ya rais wa Marekani, tangu enzi za Lyndon Johnson, ni SM57. Yaani kifaa kilichokuwa kinanasa kahoni yetu ndicho kinachonasa hotuba za Ikulu yao. Mpiga kahoni alipoambiwa hivyo aliikoholea kwa heshima kabla ya kuanza.

Ukiifungua unakuta maiki, kishikizo cha kuifungia kwenye stendi, na kipochi. Waya haumo. Swichi ya kuzima haina pia. Mpiga tarumbeta wetu aliizungusha mkononi akiitafuta mpaka nikamwonea huruma. Kile kichwa cha plastiki kinazunguka ukikishika. Usidhani umevunja.

Sasa vyombo vyenyewe.

Tarumbeta ndilo rahisi kuliko yote. Sentimita 30 kutoka kwenye tundu pana la mbele la chombo, maiki ikae pembeni kidogo isitazamane na pumzi moja kwa moja, basi. Apulize atakavyo, haikwaruzi. Shida yetu na tarumbeta haikuwa ya maiki hata kidogo, na naisema kwa faida ya prodyuza mwenzangu yeyote anayejiandaa kuaibika. Tarumbeta la kawaida ni la B-flati: nota iliyoandikwa C inatoka B-flati. Mimi nilimwandikia nota kama zilivyo kwenye kompyuta. Akazisoma kwa uaminifu, na wimbo mzima ukatoka tofauti ya toni nzima, watu watano wakinitazama. Nilipojifunza kumwandikia juu zaidi, nikagundua wimbo wangu wa F-shapu maina, ufunguo ninaoupenda kwa sababu kiki yake, ule mdundo mzito wa chini, inakaa kwenye hezi 46 (mitetemo 46 kwa sekunde) na spika zinaipokea vizuri, kwake unageuka kuwa G-shapu maina yenye shapu tano. Alinitazama kama mtu aliyeombwa mkopo. Nikapandisha nusu toni tu, ukawa G maina, kwake A maina isiyo na shapu wala flati hata moja. Kiki ikahamia hezi 49. Hakuna aliyelalamika, hata spika.

Gitaa kavu linataka subira. Mtu wa kompyuta akiona tundu katikati ya gitaa anadhani sauti inatoka pale, anaielekeza maiki shimoni. Nilifanya hivyo. Tundu la gitaa lina mvumo wake, mara nyingi karibu na hezi 100, na SM57 ikikaribia chanzo besi inavimba kwa tabia yake yenyewe, kwa hiyo uvimbe unapanda juu ya uvimbe na unabaki na gitaa linalonguruma kama friji. Mahali pake ni pale shingo inapoungana na mwili, sentimita 15 hivi. Hapo unapata nyuzi, unapata ukucha, unapata mbao kidogo. Mpigaji wetu anapenda kuyumba akipiga, na kila akiyumba sauti inabadilika. Kwenye kompyuta ningemkaripia yule aliyechora mstari. Huyu ni binadamu, ikabidi nimwombe kwa adabu akalie kiti.

Kuna tatizo la gitaa ambalo ni la maiki hii kweli: sauti yake ni ndogo. Ukipiga taratibu kwa vidole, inabidi uifungue laini karibu mwisho, na kadi yangu ya sauti, kile kifaa kinachoingiza maiki kwenye kompyuta, ikifunguliwa mwisho inatoa mvuke kama birika. Kwenye steji hausikiki. Kwenye kurekodi wimbo wa taratibu unasikika wazi. Niliishia kuweka kikuzaji kidogo kati ya maiki na kadi, kile kinachotumia zile volti 48 ambazo maiki yenyewe haizihitaji. Kama kadi yako ina nguvu nzuri hutakutana na hili. Kama ni ya bei chee kama yangu, utakutana nalo siku ya kwanza.

Kahoni ndipo nilipojisikia mtaalamu kwa mara ya kwanza. Tuliweka maiki mbili, moja mbele mkono unapogonga, nyingine nyuma kwenye tundu tumbo linapopumua. Kila moja peke yake ilikuwa safi. Zote mbili kwa pamoja, tumbo likatoweka, ikabaki kama mtu anagonga boksi la viatu. Mpiga kahoni akaanza kuangalia kahoni yake kwa mashaka. Mimi nikacheka, kwa sababu ugonjwa ule naujua tangu siku zangu za kubandika kiki mbili juu ya nyingine kwenye kompyuta: ubao wa mbele ukigongwa unaikimbia maiki ya mbele na kuisogelea ya nyuma, kwa hiyo wimbi moja linasukuma wakati jingine linavuta, na besi zinauana. Nikabonyeza kitufe cha kugeuza laini ya nyuma juu chini. Tumbo likarudi ghafla. Mpiga kahoni akainua uso na kuuliza nimefanya nini, nami nikajibu kwa utulivu wa kughushi kwamba nimebonyeza kitu kidogo tu.

Dabo besi ilinishinda, na sitalificha hilo kwenye tathmini hii. Nyuzi yake nene inalia kwenye hezi 41. Karatasi ya kiwanda inasema SM57 inaanzia 40 mpaka 15,000, lakini kuanzia si kusema kwa nguvu. Huko chini inanong'ona. Tuliisogeza, tukaiviringishia sifongo na kuipachika chini ya daraja la nyuzi, ikatoa mlio wa vidole na kelele za mbao bila ule uzito. Ukiinua besi kwa lazima, inainuka na kahoni pamoja nayo. Sasa dabo besi inatumia kinasa kidogo kilichobanwa darajani na kuingia moja kwa moja kwa waya, na kila mtu analala.

Fidla nayo hapana. SM57 inapanda kuanzia hezi 4,000 hivi, kilele chake kikiwa karibu na 6,000, na hapo ndipo upinde wa fidla unapokwaruza. Vitu hivyo viwili vikikutana unapata bawaba ya mlango. Dada yetu wa fidla alisikiliza rekodi mara moja, akavua vipokea sauti na kusema, "Mdogo wangu, huyu si mimi." Alikuwa na kikondensa chake kidogo cha kubana pembeni ya chombo, tukatumia hicho. Mpandisho huo huo unaoiharibu fidla ndio unaolifanya gitaa na kahoni visikike juu ya kelele bila kuguswa chochote kwenye miksa, kwa hiyo sijui kama niuite kasoro.

Yote hayo ungeyapata kwa mtu yeyote aliyewahi kushika maiki. Nililotaka kusema hasa ni hili linalofuata, maana sikulitarajia: kazi kubwa ambayo SM57 imefanya kwenye bendi yetu si kunasa vyombo vyao. Ni kunasa vyangu.

Kwa miezi miwili ya mwanzo kila rekodi yetu ilisikika kama bendi mbili. Upande mmoja watu watano wako chumbani, wana kuta, wana dari, wana umbali kati yao. Upande wa pili sintesaiza yangu, mashine inayotengeneza sauti kwa umeme, imebandikwa kwenye kioo, safi, haina chumba. Nilijaribu mwangwi wa programu wa kila aina. Ilikuwa kama kumvalisha mtu wa katuni koti la kweli. Mpiga gitaa ndiye aliyeuliza swali la kitoto: kwa nini na wewe usipige kwa spika, tukakunasa kama sisi?

Tukachukua amplifaya yake ya gitaa aliyoitelekeza. Nikaipitisha sintesaiza humo, baada ya kuishusha sana sauti yake kwa sababu tundu la gitaa linategemea umeme mdogo na laini ya kadi inaingia kwa kishindo. SM57 ikakaa sentimita nne kutoka kwenye kitambaa, isielekee katikati kabisa ya spika wala ukingoni. Kusimama mbele ya amplifaya ya gitaa ndiyo kazi iliyoipatia maiki hii jina duniani, kwa hiyo haikuhitaji kubembelezwa. Ukingo mkali wa juu ukaisha, na yale masafa ya chini yasiyosikika ila kwa kifua yakaondoka pia. Kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko nilichoanza nacho, na kwa mara ya kwanza kikakaa kati ya gitaa na tarumbeta bila kumsukuma mtu. Nusu ya vile vichujio nilivyokuwa nimepanga kwenye laini ya sintesaiza nilivifuta usiku ule ule.

Nikapatwa na ulevi. Snea yangu ya kielektroniki, sauti kavu ya mashine inayoiga ngoma ndogo yenye waya chini, niliipiga kupitia spika ndogo niliyoilaza juu ya ngozi ya snea ya kweli. Kila mashine ikigonga, zile waya za chini ya ngoma zinatetemeka zenyewe, na SM57 chini yake inanasa ule mtetemo. Nikachanganya theluthi moja ya huo na sauti ya awali. Mpiga kahoni alidhani nimemleta mpiga ngoma mwingine kwa siri na akanuna kidogo mpaka nilipomwonyesha.

Jambo moja la kompyuta lazima liingie hapa, ukitaka kupitisha maiki zako kwenye programu huku mkipiga mubashara. Kadi ikiwekwa kwenye sampuli 256, yaani vipande vidogo vya sauti inavyokusanya kabla ya kuvipitisha, kwa kasi ya vipande 44,100 kwa sekunde, kuingia peke yake ni karibu milisekunde 6, kutoka ni nyingine kama hizo. Jumla ya 12 ni sawa na kumsikiliza mwenzako aliye mita nne. Mimi sikuisikia. Mpiga gitaa aliisikia papo hapo, akasema anajihisi anajifuata mwenyewe kwa nyuma. Tukashuka hadi 64, kompyuta ikaanza kupasuka sauti, nikalazimika kugeuza sintesaiza nyingi kuwa sauti zilizokwisha rekodiwa ili ipumue. Vyombo vyao sasa havipiti kwenye programu kabisa. Vinaingia kwenye miksa moja kwa moja, mimi naletewa nakala.

Onyo kuhusu bandia, maana zipo tele. Maiki yangu ya tatu niliinunua kwa muuzaji ambaye sitamtaja, ikiwa ndani ya boksi linalofanana kila kitu, mpaka kipochi. Sauti ilikuwa nyembamba, yenye mchanga. Nikaichukua mizani ya jikoni. Ya kwanza ilikuwa karibu kabisa na gramu 284 zilizoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Ile mpya ilikuwa nyepesi kwa makumi ya gramu, kama imesahau kuja na matumbo yake. Nikairudisha kwa ugomvi na pesa nikapata nusu. Pima kabla hujaondoka dukani, hata wakikucheka.

Ningezinunua tena? Mbili za kwanza bila kufikiri, kabla ya sintesaiza nyingine yoyote, na naandika hivyo nikiwa na sintesaiza tatu ambazo hazijatoka kwenye sanduku tangu mwezi wa pili. Kwa fidla na dabo besi weka pesa yako pengine. Kwa kurekodi mtu anayepiga taratibu usiku wa manane, kondensa yangu ile ya kwanza imepata kazi yake hatimaye, peke yake, mlango umefungwa, feni imezimwa.

Kuhusu uimara: kwenye onyesho letu la nne mpiga tarumbeta alirudi nyuma bila kuangalia, akaukwaa mguu wa stendi, na SM57 ikaenda chini kichwa mbele kwenye ubao wa steji. Ilitoka na denti kwenye ukosi na ikaendelea kufanya kazi mpaka wimbo wa mwisho. Nilikuwa narekodi. Mlio wa kuanguka kwake, nikiushusha toni tano na kuukata mkia, ndio kiki ya wimbo tunaoufanyia mazoezi wiki hii.